Miti Myekundu

Kapteni James Augustus Grant alipotia mguu Unguja mwezi Agosti 1860, pamoja na mwenzake John Hanning Speke, katika mizigo yao ilikuwamo kamera. Walikuwa njiani kwenda kutafuta chimbuko la Nile, na kazi ya kupiga picha ilikuwa mikononi mwa Grant. Akazipiga chache pale mjini, ambazo leo zimo katika picha kongwe kabisa zinazojulikana za Unguja. Kisha kamera ikaachwa. Speke amesimulia kwamba joto la ndani ya kihema alimofanyia kazi ile lingemwua mwenzake. Basi Grant akashika penseli na rangi za maji, na kwa vifaa hivyo ndivyo alivyoingia bara. Tangu hapo mandhari yote ya safari ile ilipita mkononi mwa mchoraji, haikupita katika kioo cha kamera.

Mwezi Novemba 1861 wasafiri hao walifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika, katika nchi ambayo leo imo mkoani mwetu Kagera. Huko Grant akashikwa na maradhi ya mguu yaliyomlaza chini. Speke akaendelea na safari ya Uganda Januari 1862, naye akabaki Karagwe hadi Aprili. Miezi ile ya kulala na kutazama ikawa neema kwetu sisi tunaopenda michoro, maana mgonjwa hakuwa na kazi nyingine iliyomfaa zaidi ya kuchora na kuandika. Ziwa dogo la pale wageni wale waliliita Little Windermere, kwa kuwa liliwakumbusha ziwa la kwao Uingereza. Nathubutu kusema kwamba jina lile lilikuwa doido la mwanzo kutiwa juu ya mandhari ya Karagwe na mgeni. Kabla ya rangi na kabla ya patasi, lilitangulia neno.

Ninasema doido, kwa wingi madoido, nikikusudia mambo yale ambayo mtu huyafanya juu ya picha ikiisha kupatikana: kuigeuza, kuikoza, kuipunguza, kuipaka rangi isiyokuwa yake. Vijana wa siku hizi huyafanya kwa kidole juu ya kioo cha simu, na wengi huyadhani ni mambo ya juzi.

Hebu tufuatane na michoro ya Grant hadi London. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863, na ukurasa wake wa mbele unatangaza kwamba vielelezo vyake vingi vimetokana na michoro ya Kapteni Grant. Vimetokana, naam, lakini si vyenyewe. Kati ya karatasi ya Karagwe na ukurasa uliochapwa alikaa mchoraji mwingine, Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi London. Nyuma yake walikaa mafundi wa kuchonga vibao. Kielelezo kilichorwa juu ya kipande cha mti mgumu kikiwa kinyume, kama unavyokiona kitu ndani ya kioo, ili kikichapwa kigeuke kirudi sawa. Fundi akaondoa kwa patasi kila kilichotakiwa kuwa cheupe, akaacha kila kilichotakiwa kuwa cheusi. Kijivu hakikuwapo, akitaka kivuli cha mgomba, alichonga mistari myembamba iliyobanana, na jicho la msomaji likamalizia kazi. Mti ukachongwa juu ya mti.

Mimi kazi yangu ni mashairi na tafsiri, nami naitambua hali hii kwa machungu yake. Huyu ni mfasiri anayefasiri tafsiri, na lugha ya asili hajawahi kuisikia. Atafanya nini akifika kwenye neno asilolijua? Ataweka neno analolijua. Mchongaji naye, akifika kwenye jani asilopata kuliona, huweka jani la bustani ya kwao.

Sasa mpe mtu simu yenye picha ya mwembe na umwambie aichezee. Atapata kitufe cha kuigeuza kama katika kioo. Atapata cha kubakisha nyeusi na nyeupe tu, cha kutoa mistari ya kingo na kutupa mengineyo, na cha kuigeuza picha ionekane kana kwamba imechongwa. Vyote hivyo mafundi wa mwaka 1863 walivifanya kwa mikono. Upya wa leo uko katika wepesi. Na mimi, baada ya kuvitazama vya kale na vya sasa kwa miaka kadhaa, nimefikia hukumu ambayo msomaji ana hiari ya kuikataa: katika picha za miti, doido linaloonekana la uongo kabisa ndilo mara nyingi lenye habari ya kweli, na doido linalopita kimya, likijifanya si doido, ndilo la kuogopwa.

Wasomaji wa pwani wanao ushahidi wa hili katika makabati ya bibi zao. Tangu karne ya 19 Unguja ilikuwa na studio za Wagoa, A. C. Gomes na ndugu Coutinho wakiwa maarufu, na picha zao zikatengenezewa kadi za posta zilizosafiri dunia nzima. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kadi nyingi za enzi hiyo zilichapwa Ulaya, hasa Ujerumani kabla ya vita vya 1914, na huko ndiko nyingi zilikotiwa rangi. Aliyepaka hakuwa na mti mbele yake. Alikuwa na kijivu na brashi, na maelezo machache kama alibahatika kuyapata. Mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa kwamba kijani cha mkarafuu ni kizito na kinang'aa, cha mnazi kina umanjano, na cha mwembe wenye majani machanga si kijani hata kidogo, ni rangi ya shaba. Kadini vyote vikawa kijani kimoja, cha kupendeza, cha kuaminika. Mtu aliyeko Hamburg hakuwa na sababu ya kushuku. Hapo ndipo palipo hatari ninayoisema: kadi ile haikuonekana imetiwa kitu, ilionekana kama Zanzibar.

Kinyume chake kilikuwako tangu utoto wa upigaji picha. William Henry Fox Talbot, Mwingereza wa Lacock, alipata hati ya ugunduzi wake mwaka 1841, na miaka michache baadaye akapiga picha ya mwaloni wakati wa kipupwe, usio na jani hata moja. Njia yake ilitoa kwanza karatasi ambayo mwanga umekuwa giza na giza limekuwa mwanga, na ni rafiki yake Sir John Herschel aliyeipa karatasi hiyo jina tulilorithi sote la negativu. Mti wa kwenye negativu una matawi meupe juu ya mbingu nyeusi. Hakuna mtu atakayeuona akasema ndivyo ulivyo. Na humo hamna uzushi: kila tawi liko mahali pake.

Nikiacha mengi ya katikati, naja kwenye jambo lililonivutia kuliko yote. Mwaka 1910 mwanafizikia wa Marekani aitwaye Robert Williams Wood alitoa picha za mashamba na miti alizozipiga kwa mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, ule ulio nje ya ukingo wa wekundu, unaoitwa infraredi. Mbingu zake zilikuwa nyeusi, na miti ilikuwa myeupe kama iliyomwagiwa chokaa. Mabadiliko hayo mpaka leo huitwa kwa jina lake, na kwa kuwa jina lake kwa Kiingereza maana yake ni ubao au msitu, wengi hudhani yameitwa hivyo kwa sababu ya miti. Ni sadfa tu, ila sadfa ambayo mshairi angeionea wivu.

Kwa nini weupe ule? Jani bichi hula mwanga mwekundu na wa buluu kwa ajili ya kujitengenezea chakula; klorofili ndiyo inayoumeza. Kijani kinabaki, ndicho tunachokiona. Lakini mwanga wa infraredi jani halina matumizi nao. Unapenya ndani, unagongagonga katika seli na mianya ya hewa iliyomo, kisha sehemu kubwa hutupwa nje. Kwa hiyo jani zima, lenye uhai, linawaka kwa mwanga ambao hatukupewa macho ya kuuona. Tawi lililokatwa likiendelea kunyauka huanza kubadilika, na mwako ule hupungua. Basi weupe wa miti ya Wood haukuwa urembo. Ulikuwa mti ukisema kwamba uko hai.

Wanajeshi waliielewa lugha hiyo upesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitengenezwa filamu ya rangi iliyohusisha mwanga huo usioonekana, nayo ikauonyesha kwa rangi nyekundu. Ukipita angani na kamera yenye filamu ile, msitu wa kweli hutoka mwekundu. Mzinga uliofunikwa kwa turubai lililopakwa kijani cha kawaida hautoki hivyo. Jicho lilidanganywa na kijani kile, filamu haikudanganyika. Tafakari, ewe msomaji: doido la ajabu kuliko yote, la kuufanya msitu uwe damu, lilibuniwa makusudi ili kumfichua mwenye kujifanya mti.

Filamu ya ukoo huo ilikuja kufika karibu na kwetu. Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ireland, aliichukua ile iitwayo Aerochrome, ambayo Kodak ilikwishaacha kuitengeneza, akaenda nayo Kivu, mashariki ya Kongo, kuanzia mwaka 2010. Vilima vya Kivu, vya kijani kama vilima vya Karagwe, vikatoka vya waridi na zambarau, na wapiganaji wamesimama katikati yake na bunduki. Kazi hiyo ilipelekwa kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2013 kwa jina The Enclave. Wako waliomshutumu kwa kuifanya vita ipendeze, na shutuma hiyo ina uzito wake. Watu wa Kivu hawakufa kwa rangi ya waridi. Hata hivyo siwezi kuikataa kazi ile. Picha za habari kutoka Kongo tulikwishazizoea hata hatuzitazami, na rangi yake ya kawaida ndiyo iliyotulaza. Kilima cha waridi hakimdanganyi mtu kwamba ndivyo kilivyo. Kinamlazimisha aulize kilivyo.

Tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, katika taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, waliingiza picha ya mwanawe mchanga katika mashine kwa kutumia skana waliyoitengeneza. Picha ilikuwa na pikseli, yaani punje, 176 kwa 176. Jumla yake ni 30,976. Kila punje ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe, na ili kupata kijivu iliwabidi wasome picha zaidi ya mara moja kwa viwango tofauti na kuziunganisha. Yule fundi wa vibao vya Speke angelitambua tatizo hilo mara moja.

Tangu siku hiyo picha ni hesabu, na doido ni kanuni ya hesabu. Ukitaka negativu ya Talbot, toa thamani ya kila punje kutoka 255. Ukitaka mistari ya kingo, linganisha kila punje na jirani yake, uweke alama palipo na tofauti kubwa. Ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, waliyakusanya mambo haya katika programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Picha iliyotumika kuionyesha kwa watu hapo awali ilikuwa ya mwanamke ameketi ufukweni Bora Bora, ametupa mgongo, anatazama kisiwa ng'ambo ya maji. Sisi watu wa visiwa tumekuwa mandhari ya majaribio ya wenzetu kwa muda mrefu kuliko tunavyojua.

Lakini kabla ya Photoshop, kwa miaka 18, palikuwapo doido jingine la kihesabu lililofanywa juu ya miti, na halikuwa juu ya mti mmoja, lilikuwa juu ya miti ya dunia nzima. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Ndani yake mlikuwamo kifaa kilichobuniwa na mhandisi Virginia Norwood, kilichosoma ardhi kwa mafungu manne ya mwanga: kijani, chekundu, na mawili ya infraredi. Wakubwa wa mradi walitegemea zaidi kamera nyingine zilizokuwa katika chombo kilekile. Kifaa cha Norwood kilipandishwa kama majaribio tu. Kwa muda mfupi kikazipita. Kwa kuwa jicho halina nafasi ya infraredi, kila rangi ilisogezwa hatua moja: infraredi ikavaa wekundu, wekundu ukavaa kijani, kijani kikavaa ubuluu. Maji safi yanatoka meusi, ardhi tupu na mabati yana rangi ya kijivu na samawati, na kila chenye majani hai kinatoka chekundu. Punje moja ya picha zile ilichukua takriban mita 80 za ardhi, hivyo mti mmoja ulipotea humo, msitu haukupotea. Tangu mwaka 2008 hazina yote ya Landsat imefunguliwa bure. Tangu 2015 zipo setilaiti za Ulaya zenye punje ya mita 10, ambazo mkuyu mpana wenye kivuli chake unaweza kujaza.

Nami ninao mkuyu wa kujaza punje. Hapa Goziba, juu kidogo ya mwalo, upo mmoja ambao mitumbwi hutengenezwa chini yake na minandi hulala juu yake. Niliupiga picha kwa simu, nikaipeleka kwenye kompyuta iliyotumika inayokwenda kwa sola, nikaanza kuichezea kwa programu ya bure iitwayo GIMP. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kama nilivyojifunza Kiingereza, kwa kubonyeza na kuona kilichotokea.

Doido la kingo liliniudhi kwanza. Nilitegemea umbo la mti, nikapata kichuguu cha majani, kila jani linadai kutazamwa, na shina ambalo ndilo lililoubeba mzigo wote likatoweka, kwa kuwa shina ni pana na laini na halina tofauti ya ghafla ndani yake. Kupunguza rangi zibaki nne kulinipendeza zaidi: mkuyu ukawa kama mji wa kanga, ungeweza kuuandikia jina chini. Negativu ilinipa mti mweupe, na hapo nikasimama muda mrefu, kwa sababu nilikuwa sasa na miti miwili myeupe, huu wangu na ule wa Wood, inayofanana kwa sura na isiyokuwa na undugu. Wangu ni mweupe kwa kutoa kwa hesabu. Jani lilikuwa na giza, kompyuta ikaligeuza. Wa Wood ni mweupe kwa sababu jani lenyewe lilitoa mwanga ule. Shairi linaweza kuwa na vina vilevile na mizani ileile na lisiwe na kitu ndani.

Kisha nikajaribu kichujio kiitwacho infraredi, ambacho siku hizi kimo katika programu nyingi. Mkuyu ukawa mwekundu kama wa setilaiti. Pembeni ya mti, katika picha, lilikuwako turubai la kijani lililofunika nyavu. Nalo likawa jekundu. Hapo siri ikafichuka. Kamera ya kawaida huwekewa kizuizi kinachozuia mwanga ule usiingie, basi kichujio kile hakikuwa na infraredi ya kusoma. Kilitafuta kijani kikakipaka wekundu, bila kujali kama ni jani au ni plastiki. Mwaka 1943 mwenye turubai lile angesalimika.

Picha ambayo watu wa mwaloni waliipenda haikuwa hata moja kati ya hizo. Waliipenda ile niliyoongeza kijani kidogo na kuyafanya maji yawe ya samawati. Mwenye mtumbwi mmoja aliniomba aitie kwenye kalenda. Ni mti uleule, tena umependeza, nani atanilaumu? Lakini tazama kilichoondoka: manjano ya upande wa mashariki, ambako tawi moja linakufa, na weupe wa vinyesi vya minandi ambao ndio uliokuwa ukilichoma. Kijani kililifunika tawi kama mafundi wa kadi za posta walivyofunika mashamba ya Unguja.

Hili kwa watu wa visiwa vya ziwa si jambo la urembo peke yake. Samaki wa zamani wa ziwa hili walikuwa furu, wadogo, wa kukaushwa kwa jua juu ya mwamba. Sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, na katika muongo wa 1980 akalijaza ziwa, furu wengi wakatoweka. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Jua halimkaushi, linamwozesha. Anataka moto na moshi. Kwa hiyo kila tani ya sangara aliyebanikwa ilibeba ndani yake shehena ya kuni, na kuni hizo zilitoka kwenye miti iliyokuwa karibu na mialo, visiwani na pwani. Viwanda vya minofu vilivyokuja katika muongo wa 1990 vilitaka samaki mbichi kwenye barafu, na moshi ukapungua kwa wale waliowahiwa na barafu. Juu ya hayo yakawekwa mbao za mitumbwi, nguzo za vibanda na kuni za kupikia. Watafiti wa samaki waliokuwa Mwanza waliyaandika haya mapema. Mholanzi Tijs Goldschmidt aliyasimulia katika kitabu chake kuhusu furu, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1996.

Sasa, mtu akitaka kujua visiwa vyetu vilikuwa na miti kiasi gani mwaka 1972, kabla ya sangara kutawala, atatazama wapi? Kadi za posta za Goziba hazikuwapo. Mchoraji hakupita. Yapo macho ya wazee, na zipo picha nyekundu. Picha ambazo rangi zake zote ni za kusogezwa, ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona kwa hali hiyo, ndizo zinazoweza kupangwa mwaka baada ya mwaka na kuhesabiwa. Na ipo hesabu nyepesi ambayo watafiti hutumia tangu muongo ule wa 1970: chukua infraredi, toa wekundu, gawanya kwa jumla ya vyote viwili. Jibu likikaribia moja, pana majani mengi. Likikaribia sifuri, pana mchanga au bati. Kwa mashamba makubwa ya bara haina shida. Kwa kisiwa kidogo chenye ukingo wa maji kila upande hesabu huyumba, maana punje moja ya mita 80 inaweza kuwa nusu ziwa na nusu mti, hivyo ni lazima isomwe pamoja na mtu anayekijua kisiwa.

Wasanii nao wamelijia jambo hili kwa njia yao. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alikata kwa kompyuta picha za kale za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, nyeusi na nyeupe, akaziweka juu ya picha mpya za rangi za viwanda vilivyobaki magofu. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliita Mémoire. Baadaye, mwaka 2011, akachukua rangi za maji za Léon Dardenne, aliyefuatana na msafara wa Charles Lemaire huko Katanga kati ya 1898 na 1900, akaweka juu ya mandhari zile picha za watu zilizopigwa na François Michel katika msafara uleule. Kamera na brashi, ambavyo Grant aliviachanisha, hapa vinakutanishwa tena. Baloji angeweza kuuficha mshono, programu zinaweza. Ameuacha uonekane, na ndiyo sababu namwamini.

Siku hizi zimekuja programu zinazochora mti kutokana na maneno tu, bila mti, bila kamera, bila Grant. Mwaka jana niliiomba moja inipe picha ya kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Viktoria. Ilinipa upesi, maji safi, mitumbwi ya rangi, machweo. Na ukingoni mwa maji ikapanda minazi. Minazi mirefu iliyoinama, kama ya Bora Bora, yenye kijani kisichokuwa na dosari wala tawi linalokufa. Mshono haukuwapo. Nilimwonyesha kijana wa hapa anayesoma sekondari Bukoba, akasema ni pazuri, akaniuliza ni Unguja sehemu gani.

Ile nyekundu niliichapa Bukoba kwenye karatasi ya kawaida, sura ya kisiwa ikitosha kiganja. Nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, asiyejua setilaiti wala kusoma. Aliigeuza mara mbili kutafuta kaskazini, akacheka kuona kisiwa kimekuwa nyama. Kisha akaweka ukucha juu ya doa la kijivu, upande wa pili wa kilima, mbali na mwalo wa sasa, mahali ambapo leo hapana hata kibanda. Akasema hapo walikuwa na matanuru saba ya kubanikia, wakaacha kuni zilipoanza kufuatwa kwa mtumbwi.